Zureki ya Alhamisi pale Mwisho wa Lami

Upendo na Hepi, tangu siku ile mliponiaga kwa keki na nyimbo mmenisumbua nikae niandike mambo ya jikoni kabla sijayasahau. Haya, nimekaa. Chai iko pembeni, ng'ombe ameshakamuliwa, na mjukuu wangu kaniazima daftari lake la hisabati ambalo, nikiangalia alama zake, halimsaidii sana. Sitaandika nani alipandishwa cheo, maana pale kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, kushika mwiko. Mshahara nao niacheni nao. Nitaandika jinsi mwanamke wa Machame alivyopika chakula cha Kipolandi kwa miaka thelathini bila kuiona Polandi hata siku moja, na niwaambie ukweli, naandika huku mate yananijaa kinywani.

Nilipoanza kazi, lami ya mtaa wetu kule Kiboriloni ilikuwa inaishia mlangoni pa baa, ndiyo maana ikaitwa Mwisho wa Lami. Siku hizi lami imepita imekwenda zake, sisi tumebaki na jina. Mwenye baa alikuwa Baba Basia, Mchagga wa Old Moshi aliyesomea uhandisi Polandi ujanani, akarudi na vitu viwili, cheti na mke. Cheti kilimpa kazi kiwandani. Mke ndiye aliyempa baa, kwa sababu alianza kuwapikia marafiki wa mumewe sebuleni, marafiki wakawa wengi kuliko viti, ikabidi watafute mahali. Siku tano za wiki tuliuza vitu vya kawaida, supu, ndizi nyama, kiburu cha ndizi na maharage, nyama choma. Alhamisi ilikuwa siku ya Mama Basia, siku ya Kipolandi, na Jumatatu tulifunga.

Siku yangu ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nimevaa kitenge kipya. Nikaambiwa nisafishe jiko wakati mwenye jiko yuko sokoni. Mimi nikisafisha, nasafisha kweli. Nyuma ya mlango nikakuta chupa kubwa ya kioo imefunikwa kitambaa, ndani kuna unga na maji, inatoa mapovu, na harufu yake, lo, ilikuwa ya uji uliosahaulika msibani. Nikasema moyoni, watu hawa wana chupa nzuri namna hii lakini hawana mtu wa kumwaga uji uliooza. Nikaumwaga mtaroni. Nikaisugua chupa kwa majivu mpaka ikang'aa, nikaianika juani, nikajipongeza.

Mama Basia akarudi na kapu lake. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, nywele kazifunga kwa leso kama mama yeyote wa Kiboriloni. Akaiona chupa juani. Akaigeuza juu chini, akainusa, nami nikaanza kuhesabu njia ya kurudi Machame.

"Umemwaga siku nne," akasema.

Nikamjibu kwamba ule unga ulikuwa umeoza. Akasema ndiyo, ulikuwa umeoza vizuri kabisa, na ilikuwa imebaki asubuhi moja tu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alichukua unga mwingine, akapima kwa kiganja, akamimina maji ya uvuguvugu, akaponda vitunguu saumu, akafunika kitambaa. Akaniambia kazi yangu ya wiki ile ni kukaa na chupa hiyo, na kila asubuhi tutaonja pamoja.

Tukaonja kweli. Kijiko kwake, kijiko kwangu. Hakueleza hata neno moja. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake kule kwao, alisema, ladha haisemwi, inarudiwa mpaka ulimi uijue wenyewe. Siku ya kwanza nilionja unga na maji. Siku ya pili ikawa kama maji ya kuoshea mchele. Siku ya tatu kitu kikaanza kuniuma pembeni ya ulimi. Siku ya tano akaitia kwenye supu ya mifupa, akaweka viazi, soseji na yai la kuchemsha, akanipa bakuli. Jamani! Ile ndiyo zureki. Nilikula nimesimama, nikala nyingine nimekaa, na nikaona aibu ya ule mtaro mpaka leo. Wanasema la kuvunda halina ubani, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kula kwa Mama Basia.

Kwao supu hii hutengenezwa kwa nafaka moja nyeusi ambayo huku haioti. Mama Basia alitumia ngano ya Sanya Juu, ile ya kusagwa na pumba zake, lakini kila mara alikuwa akionja anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia mlio ndani ya gari lake. Mimi bibi yangu alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege haiendi bila ulezi. Nikamwambia aongeze konzi moja ya unga wa ulezi. Akakataa. Akakataa nusu mwaka mzima, akisema mama yake hakujua hata ulezi ni kitu gani. Siku alipokwenda kanisani nikautia bila ruhusa. Sisi Walutheri siku hiyo tulikuwa tumemaliza ibada mapema. Alipoonja baada ya siku tano hakutikisa kichwa. Alinitazama, akaonja tena, akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia. Alikasirika kwa dakika moja hivi, kisha akala bakuli mbili, na tangu siku hiyo ulezi ukawa ndani.

Sasa niwaambie vifaa, kwa sababu ninyi mmezoea mashine. Unga wa pirogi tuliusukuma kwa chupa tupu ya bia, na mviringo tuliukata kwa glasi ya bia. Baa ilikuwa na chupa na glasi, tungeenda kununua nini? Ndani tulitia viazi na jibini tuliyoikamua wenyewe kutoka maziwa mgando ya Machame, juu kitunguu cha kukaanga. Wateja wakaziita sambusa za maji. Mwalimu Lyimo, yule mstaafu anayekaa kona ya dirisha, alikataa kuzigusa mwezi mzima kwa hoja kwamba sambusa iliyochemshwa ni sambusa iliyokata tamaa. Alipoonja moja, aliagiza kumi na mbili, na hoja hiyo hajairudia. Supu yao ya utumbo nayo ilipotoka mara ya kwanza, wazee walionja wakasema huyu mama ameiba supu yetu akaipeleka Ulaya.

Soseji tulizifukiza kwa visiki vya mikahawa mizee kutoka kihamba chetu, shamba la nyumbani. Kumbukeni, mkahawa, wala si mwarobaini, siku ile Hepi alipojaribu mwarobaini tulikula dawa. Kabichi chachu ilinipa shida zaidi. Mama Basia alisema inahitaji ubaridi, na Moshi mjini mwezi wa pili hakuna ubaridi hata kwenye friji. Basi nikawa napandisha ndoo za kabichi kwetu Machame, kabichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi, ikagandamizwa kwa jiwe la mtoni. Wiki ya pili mjumbe akapiga hodi, anataka kujua ni kitu gani kimefia ndani kwangu. Nikampa sahani ya kabichi hiyo hiyo, imepikwa na nyama. Akala, akafuta mdomo, akasema suala hilo amelifunga rasmi.

Ilikuwa raha, wanangu. Alhamisi nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikiwa nimeshaanza kufurahi. Mama Basia alikuwa mkali, sufuria aliyoikataa haikutoka mlangoni hata kama aliyeagiza ni mkuu wa wilaya. Alikuwa akitumbukiza kijiko, macho juu, kimya. Halafu neno moja. "Bado." Au, "Peleka." Neno hilo la pili lilinifanya nitembee kama niliyevikwa taji.

Baba Basia akafariki, tukamzika Old Moshi kwenye kihamba chao. Binti yao Basia alikuwa ameshahamia Dar es Salaam kikazi. Mama Basia akabaki na baa, na mimi, na Alhamisi.

Ndipo ukaja ule mwaka wa barakoa na ndoo za kunawia kila mlango. Mama Basia aliugua kwa wiki tatu. Alipona, akarudi kazini, sote tukashangilia, na mimi nikapiga vigelegele mpaka Mwalimu Lyimo akaziba masikio. Nilichokiona tu ni kwamba amekonda na hanenepi tena. Gauni lilimkaa kama limetundikwa msumarini. Nikasema ni uzee, ni ugonjwa, atarudi. Nilikuwa mbele yake kila siku na sikuona kitu.

Nilikuja kuona kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, nalo ni kosa ambalo haliwezi kufanywa na mpishi wa Polandi hata akijaribu. Ilikuwa Alhamisi. Walikuwa wameshuka mlimani wapandaji kumi na wawili, Wapolandi watupu, wana njaa ya siku nane, wamekaa nje wanapiga meza. Nilikuwa na bigosi jikoni, yaani ile kabichi chachu inayopikwa na nyama za aina tatu mpaka vyote viwe kitu kimoja. Mkaa ulikuwa na unyevu na kabichi imegoma kulainika. Sasa mwanamke wa Kichagga chakula kikigoma kulainika mkono wake unakwenda wapi? Unakwenda kwenye magadi. Maharage ya kiburu tunayalainisha kwa magadi tangu tumezaliwa. Kopo la maji ya magadi lilikuwa pale pale. Mkono ukaenda, mimi nikiwaza mambo mengine.

Ruwa wangu, Mungu wangu! Sufuria ilipanda povu mpaka likamwagika juu ya moto. Uchachu wote na magadi vilikuwa vinapigana mle ndani, na nilipofunua, kabichi ilikuwa ya manjano, laini kama uji, na nilipoonja, ilikuwa sabuni. Ile ya mche, ya kufulia. Uchachu wa wiki mbili ulikuwa umekufa hata tone lisibaki. Nikasimama pale nimeshika kichwa, na Mama Basia akaingia.

Akatumbukiza kijiko, macho juu, kimya. Mimi nimefumba macho nasubiri radi.

"Peleka," akasema, akatoka.

Yule mama aliyekuwa akijua kama kitunguu kimekaangwa na Upendo au na mimi, ameonja sabuni akasema peleka. Sikupeleka. Niliwapa wageni pirogi na zureki, nikawaambia bigosi imeisha, na sufuria ile niliimwaga mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilifunga mlango wa jiko nikamwambia waziwazi kwamba ile bigosi ya jana niliitia magadi. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya mpaka kile alichoshika kikaisha, kisha akakaa juu ya gunia. Akasema tangu ule ugonjwa hasikii kitu, si harufu wala ladha. Mwanzoni alidhani itarudi, daktari naye alisema huenda itarudi, umepita mwaka haijarudi. Kula kwake imekuwa kama kutafuna karatasi, anakula ili asianguke. Hajamwambia mtu yeyote, hata Basia.

Nikamuuliza kwa nini amekaa na mzigo huo peke yake, na nikamuuliza kwa hasira, maana nilikuwa nimeumia. Akasema mwezi wa saba anakuja mdogo wake wa kiume, Mareki, mara yake ya kwanza kufika Moshi. Mareki amekuwa akimwambia kwa simu kwamba wazazi hawapo, yeye ni mjane, umri umekwenda, arudi nyumbani. Basia naye anamuunga mkono mjomba wake. Mama Basia aliwajibu kwamba hawezi kuondoka, ana jiko lake, na akamuahidi Mareki zureki ya mama yao. Mareki alikuwa mdogo wakati dada yake anafundishwa, hakuwahi kusimama jikoni, na mama alipokufa ile supu ilibaki kwa mtu mmoja tu duniani.

"Wakijua siwezi kuonja, nitawaambia nabaki kufanya nini?" akaniuliza. "Nikiondoka hapa, Anaeli, nitakwenda kukaa kwenye kiti kando ya dirisha, nile karatasi."

Nikamwambia haondoki mtu. Ulimi wangu upo, nikasema, na umefundishwa na nani kama si wewe? Nililisema hilo kwa kujiamini sana. Halafu akanijaribu. Akateka zureki, akanipa kijiko, akaniambia nimweleze ikoje. Nikaonja. Nikasema ni nzuri. Akasema nzuri si ladha. Nikasema ni chachu. Akauliza chachu ya nini, ya limao, ya ukwaju, ya ubuyu, ya jasho? Miaka yote ile tulikuwa tumeonja bila kusema, na sasa maneno yalihitajika na sikuwa nayo.

Basi tukaanza shule. Kila Jumatatu baa imefungwa, tunakaa meza ya nyuma, vijiko viwili na chupa. Kijiko kimoja kilikuwa cha kuonja na kingine cha kunipigia vidole nikisema lile neno "nzuri". Nikajifunza kutafuta. Maziwa mgando ya siku ya pili yana uchachu wake, ya siku ya tatu yana mwingine, mkali, unaokwaruza. Mbege ya asubuhi si ya jioni. Nilikuwa narudi Machame natembea nikionja kila kitu, majani ya ndimu, moshi wa jiko la jirani, na mume wangu akaanza kuulizia kama nina mimba uzeeni. Na yeye Mama Basia alikuwa akisikiliza amefumba macho, akinirekebisha kwa kukumbuka. Ya mama yake, alisema, ilikuwa inaanza kwa upole. Basi nikapunguza muda wa chupa kwa nusu siku. Kuna Jumatatu moja nilipata maneno yote yakakaa sawasawa, akapiga meza kwa kiganja akacheka, na mimi nikacheka, tukawa wajinga wawili tunacheka na bakuli. Sikuwahi kuipenda kazi yangu kama miezi ile.

Siku za Alhamisi niliingia na kusema kitu kidogo tu, "Mama, leo ni mgando wa pili," naye anasema peleka. Ninyi mlidhani tunaongea habari za ng'ombe.

Mareki akafika na Basia. Mzee mrefu kama dada yake, ana fimbo, kofia mkononi. Nilimsalimu shikamoo akajibu marahaba vizuri kabisa, Basia alikuwa amemfundisha njiani. Nikampenda hapo hapo na nikamwogopa hapo hapo. Basia alinifuata uani nikiwa nakwangua soseji. Huyu mtoto nimemlea, huniita mama mdogo, na hajui kuzunguka.

"Mama mdogo, mama hali chakula," akasema. "Mtazame mikono. Kama kuna kitu unakijua, niambie, kwa sababu mimi na mjomba tumekuja kumchukua."

Nikamwambia mama yake anafanya kazi yake kama zamani, aende mezani akaone. Uongo si uongo, lakini ukweli haukuwa. Na kilichonichoma ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimehangaikia ladha ya sufuria miezi yote ile, na mwenye jiko anazidi kukonda mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimemtunzia siri. Chakula hakikuwa kinamwingia.

Saa saba mchana tukawapakulia. Kulikuwa na wateja wa kawaida, Mwalimu Lyimo dirishani, ninyi wawili mlangoni mmekunja mikono. Mareki akaonja kijiko cha kwanza. Akakiweka chini. Akajifunika macho kwa kiganja na mabega yakaanza kutikisika. Basia akatufasiria kwa sauti ndogo kwamba mjomba anasema hii ni ya mama yao, hii yenyewe, na hakudhani kama ataila tena kabla ya kufa. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Ndipo Mareki akafuta macho akaangalia bakuli la dada yake. Lilikuwa limejaa. Akamuuliza kitu, nami sikuhitaji mkalimani. Kwa nini huli?

Mama Basia alinitazama mimi. Nikadhani ataninong'oneza niseme kitu, tumbo linauma, amekula jikoni. Akasema kwa Kipolandi kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Sisikii ladha. Mwaka na zaidi. Hii supu nimeipika kwa ulimi wa Anaeli." Basia akaweka mkono mdomoni. Mareki akashika fimbo yake kama mtu anayetaka kusimama na hajui aende wapi.

"Anaeli, njoo ukae hapa," akasema Mama Basia. "Niambie leo ikoje."

Nilikuwa na aproni imechafuka, na watu wote wananitazama. Nikavuta kiti. Nikateka kidogo kutoka bakuli lake nikaonja, nikamwambia achukue kijiko chake. Akachukua.

"Uchachu umetangulia," nikasema. "Wa maziwa mgando ya siku ya pili. Uko pembeni ya ulimi, haujafika kooni."

Akameza. Akachukua kingine.

"Sasa moshi wa soseji. Umekaa chini, haupigi kelele. Hapo hapo kiazi, kinatuliza."

"Na kitunguu saumu?"

"Kipo. Kinakuja ukishameza, ukidhani vimekwisha."

Akafumba macho. "Mwisho kabisa," akasema. "Mama alikiponda kwa ubavu wa kisu, akakitia akishaepua."

Nikamwambia ndivyo nilivyofanya. Basia alikuwa akimfasiria mjomba wake, kisha sauti ikamkatika akaacha, na ikawa haidhuru, kwa sababu Mareki alikuwa ameshika kijiko chake na kila nilipomwambia dada yake chukua, na yeye alichukua. Tukaenda hivyo, kijiko kwa kijiko, bakuli zima. Mlisikia vijiko tu. Lilipoisha, Mama Basia alilitazama lile bakuli tupu kwa mshangao, akalisukuma kwako, Upendo, na unakumbuka alichosema. Alisema uongeze.

Basia alinifuata jikoni baadaye, nikamweleza yote, nikamwambia pia kwamba nilikosea kumficha, kwa maana yule ni mama yake. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Halafu akaniuliza kama naweza kumfanyia mama yake vile kila mlo. Nikasema nitafanya na nitawafundisha wengine. Mareki alikaa wiki tatu, akasukuma unga wa pirogi kwa chupa ya bia, akaondoka peke yake.

Sasa magoti yamenistaafisha. Kupika basi. Lakini kule mbele ya sufuria nimewaacha ninyi, na Mama Basia yupo, gauni limeanza kumkaa, na kila Alhamisi saa saba mchana nitakuja kwa mguu wangu nivute kiti pembeni yake. Atachukua kijiko, atafumba macho, ataniuliza ikoje. Mimi simdanganyi. Mkipika vibaya, nitamwambia.